Jibu la Sisimizi

Alhamisi ya pili ya muhula, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mtafiti aliingia darasa la tano akiwa na kalamu mbili, saa ya mkononi iliyokuwa ikienda mbele dakika nne, na fomu ya kurasa sita. Alipewa kiti nyuma kabisa, karibu na kabati la ramani. Sehemu ya kwanza ya fomu ilitaka idadi ya wanafunzi walioandikishwa: arobaini na sita. Waliohudhuria: arobaini na sita. Walioandikishwa darasa hili kabla ya mwaka huu: mmoja. Fomu ilitaka pia mwaka wa kuandikishwa kwa huyo mmoja, kwa hiyo akaomba daftari la mahudhurio, akafuata mistari kwa kidole, akakuta kwamba msichana wa dawati la pili, safu ya dirishani, aliingia darasa la tano miaka arobaini na moja iliyopita na alikuwa bado hajatoka.

Mtafiti aliuandika mwaka huo kwenye kisanduku. Kisanduku kilikuwa kidogo, tarakimu ya mwisho ikatokeza nje.

Kisha akainua macho. Kutoka pale nyuma aliona kisogo tu, na shingo nyembamba iliyoinama kidogo upande wa kushoto. Kola ilikuwa mpya, ya sare iliyobadilishwa mwaka juzi. Shingo ilikuwa ileile. Wenzake walimwita Sisimizi, kwa kuwa alikuwa mdogo na hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu. Daima amebeba kitu, kifutio cha mtu, daftari la mtu, kopo la chaki. Mtafiti aliwahi kukaa naye dawati moja utotoni.

Somo la siku hiyo lilikuwa Uraia, mada ya alama za taifa. Mwalimu kijana alisema, darasa likaitikia. Mtafiti akajaza kila alichokiona, na penye swali la tisa, maswali yaliyoulizwa na wanafunzi, akaandika sifuri. Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakamwagika nje kama maharage ya gunia lililochanika. Sisimizi akabaki.

Mtafiti alitembea hadi dawati la pili akasimama. Msichana alimtazama kuanzia viatuni kwenda juu, taratibu. Ilionekana anapima kati ya shikamoo na salamu ya rika, na kila moja inamkaa vibaya mdomoni. Mwishowe akaziacha zote mbili.

"Umechelewa," alisema.

"Ndiyo. Nimechelewa."

"Ulisema unakwenda kunywa maji."

"Nilikunywa."

"Yalikuwa mengi, basi," alisema Sisimizi, akasogea ili mwenzake apate pa kukaa.

Dawati lilikuwa dogo. Mtafiti, mwanamke wa miaka hamsini na miwili mwenye magoti yasiyopenda kukunjwa, alikaa upande, miguu ikiwa njiani. Walikaa hivyo hadi kengele ilipolia tena.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka arobaini na moja iliyopita darasa hilo lilifundishwa na mwalimu ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Mkato, kwa sababu hakumaliza sentensi. Aliandika nusu ubaoni, akaweka mkato, akageuka na kungoja. Jumatano moja alianza mada ya saba, Haki za Raia. Aliandika, "Raia ana haki ya," kisha akageuka. Sisimizi akanyoosha mkono. Kabla hajaambiwa aseme, wanaume wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri walibisha hodi kwa adabu na kumwomba mwalimu dakika moja. Mwalimu Mkato akatia chaki mfukoni. Akiwa mlangoni alimwelekezea Sisimizi kidole na kusema, "Wewe, subiri hapo hapo. Nakuja kukusikia."

Darasa lilingoja nusu saa. Kengele ilipolia watoto walitoka mmojammoja, kisha wote. Sisimizi alimshika mwenzake mkono wa shati. "Kaa na mimi," alimwambia. Mwenzake akajibu, "Nakwenda kunywa maji, narudi." Na kweli alikusudia kurudi. Lakini bombani walikuwa wakisukumana na kucheka, akasahau, na kesho yake babake akapata uhamisho wa kazi, familia ikafunga vyombo na kuondoka. Aliyekwenda kunywa maji akawa mtafiti. Sasa shule hiyo ilikuwa imeangukia kwenye sampuli yake kwa bahati nasibu ya kompyuta.

Mwalimu Mkuu, mwanamke aliyemzidi mtafiti uchangamfu na kuzidiwa naye miaka kumi na minne, alimkaribisha chai ofisini.

"Naona mmeonana na Sisimizi," alisema. "Hata mimi nilikaa naye, Daktari. Mwaka mzima. Bila yeye hesabu za sehemu zingenishinda. Mpaka leo nikikata mkate nasikia sauti yake."

"Wizara inajua?"

"Kila Machi tunajaza fomu. Wanauliza mtoro, mgonjwa, amehama, amerudia darasa, au amefariki. Utoro hana, hata siku moja hajakosa. Tunaweka amerudia. Wanatuandikia kwamba shule yetu imezidi kwa watoto wanaorudia darasa, tunaomba radhi, yanaisha."

Alieleza mengine bila haraka. Mamake Sisimizi alikuja kila alasiri kwa miaka kumi na tisa. Alisimama dirishani, akasema, "Twende nyumbani, mwanangu," na mtoto akajibu, "Mwalimu ameniambia nisubiri, mama." Mama hakugombana naye, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutii mwalimu. Alileta shuka, akaleta sweta, na alipofariki, mlinzi wa shule alichukua kazi ya kumfulia. Wauguzi wa chanjo walikuwa wamemchanja mara arobaini. Katika watu aliokaa nao dawati moja watatu walikuwa walimu, mmoja mbunge, mmoja alikuwa gerezani na alikuwa akimwandikia barua.

"Hajachoka?" mtafiti aliuliza.

Mwalimu Mkuu alifikiri. "Hilo sijawahi kumuuliza," alisema. "Labda kwa kuwa ningelazimika kungoja jibu."

Mtafiti alifanya kazi Kitengo cha Ulinganisho, mwisho wa ukumbi, ghorofa ya tatu ya jengo la mitaala. Kitengo kilikuwa na meza nne na mtu mmoja. Mwenzake wa kwanza alistaafu, wa pili aliingia siasa, wa tatu alifariki, na vibao vya majina yao vilikuwa bado mezani, akivipangusa kila Jumatatu. Kazi yake ilikuwa kusoma mitaala ya nchi tano na kuilinganisha na ya kwao: nani anafundisha nini, kwa umri gani, kwa vipindi vingapi. Nyumbani alikuwa na vyumba viwili na redio. Redio hakuiwashia habari, aliiwashia watu. Aliwahi kuolewa miaka minne, wakaachana bila hata kupandishiana sauti, na kati ya yote yaliyomuuma kuhusu ndoa hiyo, ukimya wa mwisho wake ndio uliomuuma zaidi.

Ijumaa alishuka chumba cha kumbukumbu kutafuta mada ya saba. Aliikuta katika mtaala wa zamani, na kando yake mhuri: imesitishwa kwa muda. Mtaala ulikuwa umerekebishwa mara sita tangu hapo. Katika marekebisho matano maneno hayo yalinakiliwa neno kwa neno. Katika la sita mtu aliyafuta, akasahau kupanga namba upya, kwa hiyo mada zilitoka ya sita zikaenda ya nane. Watoto wa nchi nzima walikuwa wakiruka namba moja kwa miaka tisa na hakuna aliyejikwaa.

Jalada la Mwalimu Mkato lilikuwa na ukurasa mmoja. Ulisema ameacha kazi kwa hiari yake mwenyewe, siku ya Jumatano, saa tano na robo asubuhi. Mtafiti alikuwa amepitia majalada mengi ya walimu. Hakuwahi kuona hiari yenye saa.

Anwani iliyokuwa jaladani ilikuwa bado ileile. Mke wa Mwalimu Mkato hakuwa mjane, kwa maana hakuna aliyemletea habari ya msiba. Wala hakuwa ameachwa, kwa maana hakupewa talaka. Alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, akishona vifungo kwenye mashati ya watu, miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka serikalini?"

"Nimetoka darasa la tano."

Bibi aliweka sindano chini. Alimwonyesha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa pale ambapo mtu mwingine angesema kumbe.

"Mtu akiacha kazi hurudi nyumbani," alisema. "Hata mlevi hurudi, ijapokuwa kwa kutambaa. Niliwaambia hivyo pale ofisini, wakaniambia, mama, hiari ya mtu haina mwongozo." Alicheka kidogo. "Na yeye na nusu zake! Siku ya kuja kuniposa alisimama mbele ya baba, akasema, 'Nimekuja kuuliza kama,' kisha kimya. Baba akadhani kijana ana kigugumizi. Nikamalizia mimi kutoka jikoni."

"Alikuwa anajua utakavyomalizia?"

"Hakujua! Ndiyo maana alikuwa anatetemeka. Hakuwahi kuwa na nusu ya pili mfukoni, yule. Aliniambia, ningekuwa nayo si ningeisema mwenyewe?" Akachukua tena sindano, akaitafuta tundu. "Na huyo mtoto yupo bado?"

"Yupo. Anamngoja."

"Basi tuko wawili," alisema bibi.

Mtafiti alitaka kusema watatu, lakini ulimi haukumpa. Yeye hakungoja. Alikunywa maji akaenda zake.

Mazoea yana taabu. Licha ya aliyoyasikia, Alhamisi iliyofuata alikwenda shuleni na begi la vitabu vitano vya Uraia, vya nchi tano, kurasa zimewekewa alama kwa karatasi za rangi. Alingoja mapumziko. Akaketi upande wake wa dawati, akamfungulia Sisimizi kitabu kimoja baada ya kingine, akimtafsiria kwa sauti ya chini. Katika cha kwanza raia alikuwa na haki ya kuchagua viongozi. Katika cha pili, ya kulindwa. Katika cha tatu, ya kuishi popote apendapo, isipokuwa mahali palipoorodheshwa. Cha nne kilisema raia ana haki ya kutimiza wajibu wake. Cha tano kilikuwa na orodha ndefu na picha ya watoto wanaocheka.

Sisimizi alisikiliza vyote kwa heshima, mikono juu ya dawati. Cha tano kilipofungwa akauliza, "Nani amekwambia sijui?"

"Sikusema hujui. Nilifikiri unangoja mtu amalizie."

"Mimi ndiye niliyenyoosha mkono," alisema Sisimizi. "Aliyenyoosha mkono jibu analo. Nangoja kulisema." Akamtazama mwenzake kwa mashaka kidogo. "Na wewe unalijua. Si nilikunong'oneza?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mtafiti alikumbuka palepale: wanaume wamesimama mlangoni, mwalimu anatia chaki mfukoni, na pumzi ya moto sikioni mwake, ya haraka, yenye kicheko cha mtoto aliyepata kitu kabla ya wenzake. Alikumbuka kwamba lilikuwa neno fupi. Alikumbuka kwamba alishangaa kwa nini hakulifikiria yeye. Neno lenyewe halikuwapo. Alilitafuta mahali lilipotakiwa kuwa, na pale palikuwa na nchi tano, majedwali kumi na mawili, shahada tatu, na vumbi.

"Nikumbushe," alisema.

"Nikikwambia mara ya pili mwalimu atasema nimekufunulia."

"Mwalimu hayupo."

"Ndiyo. Ametoka."

Mtafiti alikuwa na sentensi nzima tayari, yenye kiima na kiarifu, kuhusu mwalimu na kutoka na miaka. Aliiacha. "Naweza kukusikia mimi, kwa niaba yake," alisema. "Kisha nitapeleka jibu linakohusika."

Sisimizi aliangalia mapaja ya mtafiti. Fomu ilikuwa pale, kalamu mbili juu yake.

"Wewe unaandika," alisema bila ubaya. "Yeye alikuwa anasikia."

Mwezi wa tatu mtafiti aliitwa mbele ya Kamati ya Mageuzi ya Mtaala kuwasilisha ripoti. Wajumbe kumi na wawili walikuwa wameketi kuzunguka meza yenye umbo la yai, kila mmoja na chupa ya maji. Alionyesha jedwali la nchi tano, na nchi yao kwenye safu ya sita. Wakapitia umri, vipindi, mitihani. Safu ya mwisho kulia aliiongeza mwenyewe, ikiwa na kichwa: nani humalizia sentensi. Nchi tatu zilikuwa na neno "kitabu", moja "mwalimu", moja "kitabu, akisaidiwa na mwalimu". Kwa nchi yao ilisomeka: "Mwanafunzi mmoja. Anangoja kusikilizwa tangu miaka arobaini na moja iliyopita."

Wajumbe walisoma. Mmoja aliuliza kama mtoto huyo ameshapata sare mpya, akajibiwa ndiyo, akaridhika. Mwingine alitaka kujua kama hesabu ya wastani wa umri wa darasa la tano imemjumuisha. Mtafiti akasema alimhesabu kuwa na miaka kumi na mmoja, kwa kuwa ndiyo aliyo nayo.

"Napendekeza mada ya saba irudishwe," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kuliko alivyotaka. "Na kamati imteue mtu mmoja. Asiwe na fomu. Aende darasani, amsikilize."

Mwenyekiti, mzee mpole aliyekuwa na desturi ya kushukuru kabla ya kukataa, alimshukuru. "Swali langu ni dogo, Daktari. Jibu la huyu mtoto limo kwenye mwongozo wa mwalimu?"

"Hatujui, Mheshimiwa. Hajalisema."

"Basi atakayekwenda atalisahihisha kwa kutumia nini?"

"Hatakwenda kusahihisha. Atakwenda kusikia."

Mwenyekiti aligeukia wajumbe. Aliyevaa tai ya kijani alisema kwamba tukimsikia mmoja, na wa shule nyingine nao watabaki darasani, na madawati hayatoshi. Mjumbe mwanamke, mgeni katika kamati, aliuliza mwalimu wa mtoto huyo yuko wapi. Chupa kadhaa zilifunguliwa kwa pamoja. Mwenyekiti akasema kumbukumbu zinaonyesha aliacha kazi kwa hiari, na kwamba kwa bahati nzuri muda wa chai umefika. Funika kombe mwanaharamu apite, walifunika, wakanywa.

Baada ya chai waliamua. Somo la Uraia litaunganishwa na Stadi za Maisha. Namba saba, kwa kuwa mtafiti ameonyesha kwamba iko wazi, itapewa mada ya Usafi wa Mazingira. Sisimizi ataingizwa kwenye ripoti kama tanbihi ya thelathini na moja, chini ya kifungu cha Mengineyo. Kamati ilimpongeza mtafiti kwa umakini. Alirudi ghorofa ya tatu, akapangusa vibao vya majina ingawa haikuwa Jumatatu.

Alipokwenda kumweleza mke wa Mwalimu Mkato, bibi alisikia, akauliza tanbihi ni nini. Mtafiti akamwambia ni maandishi madogo chini ya ukurasa. "Afadhali," alisema bibi. "Mimi hata huko sipo." Akamkatia uzi kwa meno, akamrudishia koti ambalo kifungo chake kilikuwa kimelegea tangu alipoingia.

Tangu hapo mtafiti akawa anakwenda shuleni kila Alhamisi baada ya kazi, bila begi na bila kalamu. Hakuna aliyemuuliza. Mwalimu Mkuu alimwekea mto mdogo wa kukalia. Wiki ya kwanza alidhani pengine sasa, akiwa mikono mitupu, ataambiwa lile neno. Hakuambiwa. Wiki ya nne aliacha kulitarajia, ingawa usiku mwingine, redio ikiwa imezimwa, alijikuta amegeuza sikio upande wa dirishani. Waliongea mambo ya kawaida. Sisimizi alimweleza nani hapendani na nani darasani, na nani anaibia mtihani, na kwamba yule wa gerezani sasa anajifunza useremala. Siku moja mtafiti alimuuliza kama amechoka. Sisimizi alifikiri kwa muda mrefu, na mtafiti akangoja.

"Mkono ndio ulichoka," alisema Sisimizi. "Niliushusha siku ileile. Nikaona si neno, maana alikuwa ameshaniona."

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata vitabu vipya vya Stadi za Maisha viliwasili, vimefungwa kwa kamba, vikinuka wino. Mwalimu Mkuu alimpa Sisimizi kazi ya kuvifunika kwa magazeti ya zamani, kwa kuwa hakuna aliyefunika vizuri kama yeye. Alasiri ya Alhamisi mtafiti alimkuta katikati ya rundo, mkasi mkononi, akakaa na kuvuta gazeti. Mfagizi aliingia, akafagia darasa lote akiwazunguka wao, akatoka.

Sisimizi alimaliza kitabu chake. Kwenye jalada aliandika jina, akaandika darasa la tano, akafika kwenye mwaka akainua kalamu.

"Mwaka gani sasa?"

Mtafiti alimwambia. Sisimizi akauandika kwa mwandiko ulionyooka, akapuliza wino ukauke, akakiweka kando. Kitabu kilichofuata alikifunika kwa karatasi safi, aliyokuwa ameitenga, na hakuandika jina la mtu.

"Hicho cha nani?" mtafiti aliuliza.

"Cha mwalimu. Akirudi akute tayari."

Mtafiti alichukua kitabu kingine, akakilaza juu ya gazeti, akakunja upande mmoja, kisha wa pili.

"Unakunja vibaya," alisema Sisimizi. "Pembe zikae ndani."

Mtafiti akakunjua, akaanza upya. Vilibaki vitabu arobaini na vitatu.